Usibonyeze tena, mama

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye duka la dawa, Mbagala, alikuwa ameshaingiza namba ya siri. Kiduara kikaanza kuzunguka. Akasogea na simu yake hadi mlangoni, labda mtandao ungeshika vizuri. Kikazunguka weee. Mwisho skrini ikatoa maandishi mekundu: "Ombi lako limeshindikana. Tafadhali jaribu tena." Chini yake kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani.

Kidole kilikuwa kinashuka.

"Usibonyeze tena, mama," kijana wa dukani akasema, bila hata kuinua macho kwenye vidonge alivyokuwa anahesabu. "Angalia salio kwanza."

Mama akatoka kwenye programu, akapiga menyu ya nyota na reli, akasoma. Pesa imekatwa. Kijana akavuta kaunta buku, akaandika kiasi, saa, na tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu. "Kaa hapo kidogo, itaingia." Akaendelea na mteja mwingine. Baada ya muda simu yake ikalia. Akaisoma meseji kwenye simu yake mwenyewe, ya mama hakuiomba, akaufuta ule mstari daftarini na kutoa dawa.

Foleni nzima hakuna aliyeshangaa. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu aliguna tu: "Ndiyo zao hizo."

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kwa sasa ni za malipo hasa. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa. Skrini ilisema uongo, watu wote pale dukani walijua kwamba inasema uongo, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake kana kwamba ndivyo vitu vinavyotakiwa kuwa.

## Kapu moja la makosa

Ukifungua msimbo wa programu ya kawaida ya malipo, sehemu inayotoa yale maandishi mekundu huwa fupi sana. Kwa lugha ya kwetu inasomeka hivi: tuma ombi, likifanikiwa, onyesha tiki, kukitokea tatizo lolote, onyesha "imeshindikana".

Tatizo lolote. Hapo ndipo penyewe.

Ndani ya hilo kapu wamo wageni wasiofanana kabisa. Yumo "salio halitoshi". Yumo "namba ya siri si sahihi". Yumo "simu haina intaneti kabisa, ombi halikutoka hata mlangoni". Wote hao wana habari kamili: pesa haijaenda, na mtu akijaribu tena hakuna kitakachoharibika. Halafu yumo mmoja ambaye hana habari yoyote, yule wa "nilituma ombi, nikasubiri sekunde 30, sikusikia kitu".

Huyu wa mwisho hajaleta jibu. Ombi huenda lilipotea njiani likienda. Huenda lilifika, pesa ikakatwa, muamala ukaandikwa, na kilichopotea ni jibu lililokuwa likirudi. Huenda seva, kompyuta ya upande wa pili inayopokea maombi, bado inalishughulikia hivi sasa, mama akiwa amesimama mlangoni. Ukimtuma mtoto dukani na noti ya elfu kumi akachelewa kurudi, humtumi mdogo wake na noti nyingine. Unatoka nje, unachungulia.

Na hizo sekunde 30 zilitoka wapi? Nimewauliza wenzangu wengi. Mara nyingi ni thamani iliyokuja na maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, waliyopakua, au namba ambayo mtu aliiandika mchana mmoja akaenda zake kula. Namba hiyo inapima tu mahali subira ya simu inapokatika. Upande wa pili kazi inaweza kuwa imekwisha zamani au haijaanza, na simu haina habari. Lakini sekunde ya 31 ikifika, programu inatangaza matokeo kwa ujasiri wote wa mtangazaji wa mpira.

## Je, si mtandao tu?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa hilo, na kazini bado ndilo jibu la kwanza. Mtandao wetu unasumbua, tufanyeje? Siku minara ikiongezeka na bando likishuka bei, mambo yatakaa sawa yenyewe.

Jibu hilo lina raha yake, kwa sababu linatuondolea lawama sisi tulioandika msimbo. Lakini nadharia inalikataa, na imelikataa tangu zamani. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walieleza hali ya makundi mawili ya majambazi yanayotaka kukubaliana kufanya jambo kwa wakati mmoja, huku wajumbe wao wakiweza kupotea njiani. Mwaka 1978 Jim Gray aliwapandisha vyeo majambazi wale wakawa majenerali, na ndivyo tunavyofundishwa hadi leo: majenerali wawili, kila mmoja kwenye kilima chake, adui yuko bondeni.

Jenerali wa kwanza anatuma mjumbe: tushambulie alfajiri. Mjumbe alifika? Hajui mpaka apate majibu. Wa pili anatuma majibu. Yalifika? Naye hajui mpaka athibitishiwe. Uthibitisho nao unahitaji uthibitisho. Hakuna idadi ya wajumbe itakayowafanya wote wawili wawe na uhakika kamili, maadamu mjumbe mmoja anaweza kupotea. Hilo limethibitishwa kihesabu, na halijali kama uko Mbagala au Stockholm.

Kwa hiyo hali ya tatu, ile ya "sijui", ipo kila mahali penye waya au mnara. Mtandao mzuri unaipunguza tu. Tofauti yetu ni kwamba huku inatokea mara nyingi zaidi, na inampata mtu ambaye zile pesa kwenye simu pengine ndizo pesa zote za siku. Akikatwa mara mbili hana za kumalizia dawa. Ataambiwa apige huduma kwa wateja, abonyeze moja kwa Kiswahili, asikilize muziki.

Kuna jambo jingine hapa lililonikalisha kimya. Kanuni za HTTP, lugha ambayo programu na seva huzungumza kwenye intaneti, katika waraka wa RFC 9110 wa mwaka 2022, zinagawa maombi. Yapo ambayo ukiyarudia matokeo yanabaki yaleyale, kama kusoma ukurasa au kufuta kitu ambacho tayari kimefutwa. Na yapo, kama POST ambayo ndiyo hubeba malipo mengi, yasiyo na dhamana hiyo. Waraka unasema programu haipaswi kuyarudia yenyewe maombi ya aina hii ya pili, isipokuwa iwe na njia ya kujua kwamba kuyarudia hakuna madhara, au kwamba lile la kwanza halikufanya kazi.

Yaani mashine imekatazwa kubonyeza tena. Sisi tukaweka kitufe cha kijani ili binadamu abonyeze kwa niaba yake.

## Mita ya ukutani

Nyumbani kwangu kuna kiboksi cha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kama kilichopo kwako. Hakina intaneti, na skrini yake ni ya kikokotoo cha shule. Nikawa nakitazama jioni moja baada ya kuingiza tokeni, nikakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa mjini analijua: tokeni ileile ukiiingiza mara ya pili, mita inakataa. Haikuongezei uniti, haikupunguzii, inakwambia tu kwamba hiyo imeshatumika.

Jaribu mara ishirini usiku mzima. Hakuna hasara.

Siri yake ni nyepesi na nzuri. Katika mfumo wa STS, kanuni za pamoja za tokeni za mita, ambao ulianzia Afrika Kusini na ndio unaotumika kwenye mita hizi, zile tarakimu 20 zimebeba ndani yake, kwa usimbaji, kiasi cha umeme pamoja na namba ya utambulisho wa tokeni. Namba hiyo ni hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita inakumbuka namba za karibuni ilizokwisha kuzipokea. Tokeni ikija, inaangalia: hii nimeshaiona? Kama ndiyo, inakataa. Hakuna haja ya kuuliza makao makuu, wala ya mtandao.

Hesabu hiyo ya dakika ilipewa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, na biti 24 hufika dakika 16,777,216 basi, ambayo ni karibu miaka 32. Ndiyo maana mwaka 2024 tulisumbuliwa sana kuingiza tokeni za ziada kabla ya ile ya umeme: tarehe 24 Novemba mwaka huo hesabu ilikuwa inafika mwisho duniani kote, na mita zilihitaji kuhamishiwa mwanzo mpya wa kuhesabia. Watu walinung'unika, mimi nikiwemo. Kuandika tarakimu zile zote kwa vitufe vya raba si mchezo. Lakini hata kero hiyo ilikuwa na adabu. Tarehe yake ilijulikana miaka mingi kabla, na ukikosea katikati unaanza upya bila kupoteza kitu.

Kilichonigusa ni kwamba mita haijali ni mara ngapi nimebonyeza. Inajali nilikuwa na tokeni ngapi. Programu ile ya simu ilikuwa inahesabu mibonyezo.

## Namba inazaliwa lini?

Dawa ya upande wa programu inafahamika, na kampuni za malipo zilizokomaa zimeitumia miaka mingi. Kabla ya kutuma ombi, simu inatengeneza namba yake ya kipekee, ndefu, isiyojirudia. Ombi linabeba namba hiyo. Seva ikiipokea mara ya kwanza, inafanya kazi na kuhifadhi namba pamoja na jibu. Ikija tena namba ileile, seva haikati pesa tena, inarudisha jibu lilelile la mwanzo. Bonyeza mara ngapi, umelipa mara moja.

Kwenye karatasi hii ni kazi ya mchana mmoja. Kwenye msimbo halisi inategemea swali moja ambalo wengi hulipita mbio: namba inazaliwa lini?

Nimekagua kazi za vijana wazuri tu, na mara nyingi namba inazaliwa ndani ya kitendo cha kubonyeza. Kila mbonyezo, namba mpya. Seva inaangalia, inaona namba mbili tofauti, inasema hawa ni wateja wawili, inakata mara mbili kwa utulivu kabisa. Ulinzi upo, majaribio yote yamepita, nyaraka zimeandikwa vizuri, na mama wa Mbagala bado anakatwa mara mbili. Namba inatakiwa izaliwe pale nia inapozaliwa, mtu anapofungua ukurasa wa kulipia dawa hii, na ihifadhiwe kwenye simu, ili hata programu ikifungwa au chaji ikikata, akirudi anakuta nia yake ni ileile.

Wengine hukwepa kazi hiyo kwa njia ya mkato: kama kiasi ni kilekile na mpokeaji ni yuleyule ndani ya dakika kadhaa, kataa. Inasikika kama busara. Kaa kwenye kibanda cha wakala saa moja tu uone. Mtu anatuma elfu tano kwa mama yake kijijini, dada yake anasogea, "nami nitumie elfu tano hapohapo". Hiyo ni miamala miwili halali. Bodaboda anayelipwa buku mbili na abiria wawili kwa simu moja naye atakuambia. Kiasi na jina havitoshi kuonyesha nia.

## "Mteja hapendi kusikia hatujui"

Haya yote niliyapeleka kwenye kikao. Kazini kwetu tunatengeneza mfumo wa malipo kwa maduka madogo, kwa hiyo jambo lilikuwa la kwetu moja kwa moja. Nilipendekeza kapu livunjwe: makosa yenye jibu yabaki mekundu, na lile lisilo na jibu lipewe skrini yake, yenye rangi nyingine, isiyo na kitufe cha kujaribu tena.

Dada anayesimamia muonekano akanikatalia. "Mteja hapendi kusikia hatujui. Akisikia hatujui, anafuta programu."

Nilikuwa na majibu mengi. Njiani kurudi nyumbani yakaisha nguvu, maana ana hoja. Mtu anayelipa hataki somo la majenerali, anataka dawa. Na "hatujui" inayobaki kwenye skrini mpaka kesho ni mbaya kuliko uongo, kwa sababu uongo angalau unakuruhusu ufanye kitu.

Tulikutana katikati. Maneno yakawa: "Tunahakikisha malipo yako. Usilipe tena, tutakuletea meseji." Ila maneno hayo ni ahadi, na ahadi inahitaji mtu wa kuitimiza. Ikabidi tuandike kazi ya nyuma ya pazia inayoenda kumuuliza mtoa huduma wa pesa: muamala huu umefikia wapi? Watoa huduma wengi wana njia ya kuuliza hivyo. Daraja, ile API ya M-Pesa ya Kenya, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuongea na M-Pesa, ina ombi maalumu la hali ya muamala, na inatofautisha vizuri kabisa: msimbo 1032 ni mteja mwenyewe ameghairi, 1037 ni simu haikupatikana. Habari ipo. Inafika hadi kwenye seva yetu ikiwa na maelezo yake yote, halafu tunaibana iingie kwenye neno "imeshindikana" kwa sababu skrini ina nafasi ya sentensi moja.

Taarifa ya mrejesho, ile ambayo mtoa huduma anaituma mwenyewe kwenye seva yetu kueleza matokeo, nayo ina vituko vyake, lakini sitakaa hapo. Chukulia tu kwamba itakuja mara mbili, au itachelewa, au haitakuja kabisa, kisha andika msimbo wako kama mtu anayeamini hivyo.

## Kaunta buku

Kazi yote hiyo ilipokamilika nilijisikia vizuri kwa siku kadhaa. Halafu nikamrudia kijana wa duka la dawa kichwani, safari hii nikiangalia mikono yake badala ya maneno yake.

Aliangalia meseji kwenye simu yake mwenyewe. Kila muuzaji Dar es Salaam anafanya hivyo, kwa sababu meseji ya mteja inaweza kughushiwa, na picha ya skrini ndiyo kabisa. Aliandika daftarini kabla hajajua, ili "sijui" iwe na mahali pa kukaa. Na alichukua vitu vitatu tu: kiasi, saa, tarakimu za mwisho. Vinatosha kulinganisha na meseji ikiingia, na havitoshi kumdhuru mama.

Huo ni mfumo kamili, nao una hali ya tatu. Mahali pake ni kwenye daftari la muuzaji, na mnunuzi anaiona ikiandikwa. Sisi tulikuwa tumeiweka kwenye simu ya mnunuzi peke yake, tukamwachia yeye amshawishi muuzaji kwamba programu inasema kweli. Mtu mwenye mtoto anayechemka homa, anaonyesha skrini ya njano: "tunahakikisha malipo yako". Muuzaji ambaye kwenye simu yake hana kitu atatoa dawa kwa msingi gani?

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu kazi yenyewe. Skrini ya kweli kwa mnunuzi ni nusu. Tumeanza kupeleka hali hiyo upande wa muuzaji: malipo yakiwa hayajulikani, anaona mstari wenye kiasi, saa na tarakimu za mwisho za namba, umeandikwa "yanahakikishwa". Yakithibitika mstari unageuka kijani, yakikataliwa unafutika. Nimeiga daftari lake karibu neno kwa neno.

Wauzaji wachache wanaoijaribu wameipokea vizuri, isipokuwa karibu wote wameuliza jambo moja, na wameliuliza kabla hata ya kuuliza bei: nikimpa mtu mzigo wakati mstari uko njano, halafu ukafutika, hiyo hasara ni ya nani?

Kwenye daftari jibu linajulikana: ni ya mwenye duka, naye ndiye anayemtazama mama usoni na kuamua. Kwenye mfumo wetu hakuna mstari wa msimbo unaolijibu swali hilo. Nimelipeleka kwa meneja, meneja amelipeleka kwa mwanasheria, na wauzaji wanaendelea kuandika kwenye kaunta buku pembeni ya simu.